Prosesa ya Nanzala, Niliyoiweka Mara Mbili

Kabla hamjafungua mtambo wa mtu, muulizeni anaufanyia kazi gani. Sisemi mumuulize una shida gani. Hilo kila fundi huuliza, na mteja hujibu tu kwamba unajikokota. Muulizeni anaketi nao saa ngapi, anafungua nini kwanza, na ni wakati gani hasa anapotamani kuupiga teke. Mimi nimetengeneza kompyuta hapa Kakamega miaka ishirini na sita, mpaka mgongo uliponistaafisha, na makosa yangu mengi yalitokea kwa sababu nilishika bisibisi kabla ya kuuliza. Mengine yalitokea kwa sababu niliuliza, nikajibiwa, na bado nikajiona najua zaidi.

Hili la Nanzala lina yote mawili.

Jina langu ni Robai. Karakana yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu, karibu na soko. Siku moja ya Jumatatu aliingia mwanamke wa makamo, mkono mmoja begani mwa mwendesha boda na fimbo nyeupe mkono wa pili. Yule wa boda alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi ya mtoto.

"Mathe," akaniita, yaani mama kwa lugha ya vijana, "hii kitu niweke wapi? Nimeibeba kama mayai kutoka Navakholo."

"Weka hapo mezani polepole. Karibu, dada. Kiti kiko mkono wako wa kulia, hatua mbili."

Alipiga hatua mbili, akakigusa kiti, akaketi. "Asante. Wengi hunivuta kwanza ndipo waniambie tunaenda wapi. Naitwa Dorcas Nanzala."

Ndani ya blanketi mlikuwa na kompyuta ya mezani, ile aina nyeusi ambayo maofisi huitupa baada ya miaka michache. Nikamuuliza swali langu, unaifanyia kazi gani, naye akacheka.

"Inanisomea. Mimi sioni hata kidogo. Kuna programu ndani inayosema kwa sauti kila kitu kilicho kwenye skrini, na kila herufi ninayobonyeza. Hiyo ndiyo macho yangu. Sasa macho yangu yamekuwa mazee."

Nikaunganisha skrini, kibodi na spika. Akaandika jina lake haraka, vidole havikugusa mahali pasipofaa hata mara moja. Alipomaliza kulikuwa na kimya. Kisha sauti ya kiume, kavu, ikaanza kutoka kwenye spika: "N. A. N. Z." Yeye alikuwa ameshaweka mikono mapajani. Sauti ilimfikia kama mtu anayemwita akiwa ng'ambo ya mto.

"Huwa inachelewanga hivyo kila wakati?"

"Ikiwa peke yake inachelewa kidogo. Nikifungua rekodi ya kusikiliza, inachelewa hivyo ulivyosikia. Ndiyo maana nimekuja." Akakunja fimbo yake vipande vinne. "Nilikuwa napokea simu kwenye swichibodi ya hospitali, miaka kumi na minne. Wakaleta mashine inayopokea simu yenyewe, nikarudi nyumbani. Sasa kuna kampuni Nairobi inatafuta watu wa kusikiliza rekodi za Kiswahili na kuziandika. Unafanya ukiwa kwako. Lakini kuna mtihani. Wanakupa rekodi na muda, na muda ukiisha karatasi inajifunga. Ni Ijumaa saa nne asubuhi."

Kununua kompyuta nyingine hangeweza, hata ya mtumba. Alikuwa ameuza mbuzi mmoja, na mbuzi mmoja hanunui kompyuta.

Sasa nyinyi vijana, hapa ndipo ninawataka msikilize. Mtambo ukijikokota, kuna watu watatu wa kushukiwa: diski inayohifadhi vitu, kumbukumbu inayoshika kazi za sasa hivi, na prosesa. Prosesa ni kile kipande cha mraba, kikubwa kama biskuti ndogo, kinachofanya hesabu zote. Fundi mwenye haraka hubadilisha kile alicho nacho kabatini. Nimefanya hivyo. Niliwahi kumuuzia mwalimu mmoja wa Butere kumbukumbu maradufu, akarudi wiki iliyofuata kuniambia kwamba mtambo wake bado ni kobe, ila sasa ni kobe mwenye akili.

Kwa hiyo nilimwambia Nanzala afungue rekodi na aanze kuandika, nami nikafungua ule ukurasa unaoonyesha kila sehemu ya mtambo inafanya kazi kiasi gani. Kumbukumbu ilikuwa nusu. Diski ilikuwa imelala. Fundi wa awali alikuwa ameshaweka ile ya kisasa isiyozunguka. Prosesa ilikuwa juu kabisa, mstari umegusa dari na haushuki. Nikampata mshukiwa wangu.

Nilifurahi sana, nikiri. Kuna raha fulani katika kazi yetu ambayo sijui kama watu wa kazi nyingine wanaipata. Mtambo unapotoka kiwandani huwekewa prosesa ya bei ya chini ili uuzike, lakini bodi yake hiyo hiyo, ule ubao mkuu wa ndani, inaweza kubeba prosesa nyingine yenye nguvu mara kadhaa. Wakati huo ile yenye nguvu ilikuwa bei ya ng'ombe. Miaka kumi ikipita, maofisi yanatupa mitambo, na ile ya bei ya ng'ombe unaipata kwa bei ya jogoo. Iko mahali, kwenye droo ya mtu, inasubiri mtu aulize.

Nikafungua mtambo, nikasoma namba ya bodi iliyochapishwa katikati ya nafasi za kadi, nikatafuta kwenye mtandao orodha ya prosesa ambazo bodi ile inakubali. Nikaona ninayoitaka, ya viini vinne vya kufanyia hesabu badala ya viwili, na isiyokula umeme zaidi ya ile ya zamani. Hilo la umeme msilisahau, maana pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mtambo wa ofisi, ni ndogo, na feni yake pia. Nikampigia muuzaji ninayemfahamu Nairobi. Akaniambia anayo, itafika kwa parseli kesho mchana.

"Itaingia?" Nanzala akauliza.

"Itaingia kama ufunguo."

Akaenda kulala kwa dada yake, mtaa wa Amalemba.

Ngojeni niwaambie kwanza kuhusu Mzee Imbwaga, maana mikono yangu ni yake. Alikuwa fundi wa redio na taipureta huku Malinya kabla kompyuta hazijafika, na zilipofika alizitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa kigeni, akizunguka nyuma kwanza. Alinifundisha kugusa chuma cha kasha kila mara kabla ya kugusa kitu cha ndani, ili umeme ulio kwenye nguo zangu uishie hapo. Alinifundisha kupanga skrubu kwenye karatasi niliyochora umbo la mtambo, kila skrubu mahali ilipotoka. Prosesa za siku zile zilikuwa na miguu tumboni, mamia ya miguu ya dhahabu, na siku niliyoiangusha moja na kupinda safu nzima hakunigombeza. Alitoa penseli ya kubonyeza, akaondoa risasi, akavisha ile ncha tupu kwenye kila mguu uliopinda na kuunyosha mmoja mmoja. Ilichukua asubuhi nzima. Alipomaliza alinipa ile penseli na kusema, "Sasa unajua ina miguu mingapi. Hutaiangusha tena."

Sijaiangusha tena. Lakini alisahau kunionya kuhusu ufunguo unaoingia na usifungue.

Parseli ilifika Jumanne mchana, na Nanzala alikuwa ameshaketi kwenye kile kiti. Nikafanya kazi nikimweleza, kwa sababu alitaka kujua kila kitu. Natoa waya wa feni. Nageuza vichwa vya miguu minne inayoishikilia feni, naivuta juu. Nafuta pesti ya zamani, ule ujiuji unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa, ambao umekauka kama uji uliosahaulika kwenye sufuria. Nainua wenzo, nafungua kifuniko cha chuma, natoa prosesa ya zamani.

"Nipe niishike," akasema.

Nikamwekea kiganjani. Akaipapasa kingo, akapata vipengo viwili vya pembeni. "Hivi ni vya nini?"

"Ni vya kukuzuia usiiweke upande usiofaa. Siku hizi miguu haiko kwenye prosesa, iko ndani ya soketi, kile kitako inapokaa. Ni zaidi ya elfu moja, myembamba kuliko nywele. Ukiiangushia kitu pale, umemaliza bodi. Unaishusha tu ikae yenyewe. Husukumi."

"Hivyo ndivyo ninavyoshushanga yai kwenye sufuria," akasema.

Nikaweka ile mpya. Nikafunga wenzo. Nikaweka pesti katikati, tone la ukubwa wa punje ya kunde, wala si zaidi. Siku zangu za kwanza niliipaka kama siagi kwenye mkate, ikamwagika pembeni, na Mzee Imbwaga akaniuliza kama nimeleta chai. Kisha nikairudisha feni, nikibonyeza miguu yake pembe kwa pembe mpaka kila mmoja ulie ta! na kushika. Nikawasha.

Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

Nikangoja. Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nanzala alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ile sauti yake ya kuamka haijalia," akasema.

"Bado."

"Fundi, imekufa?"

Nilitaka kusema hapana, lakini sikuwa najua, na mwanamke aliyesikiliza watu kwenye simu miaka kumi na minne angesikia kwamba sijui. Nikamwambia, "Sijui. Nipe dakika kumi."

Nilichofanya katika dakika hizo ndicho ninachotaka mfanye siku yenu ikifika. Usibadilishe vitu vitano. Rudi nyuma hatua moja, mpaka mahali palipokuwa pazima. Nikatoa ile mpya, nikasimama nikanywa maji kwanza, kisha nikarudisha ile ya zamani. Nikawasha. Ikalia ile sauti ya kuamka, na Nanzala akapumua kabla yangu.

Kwa hiyo bodi ilikuwa nzima. Je, prosesa mpya ni mbovu? Muuzaji alikuwa mtu wa kuaminika. Nikafungua tena ile orodha ya kwenye mtandao. Jina lilikuwapo, namba ilikuwapo. Nikasogeza ukurasa kulia, mahali ambapo Jumatatu sikusogeza, na hapo palikuwa na safu ya mwisho. Bodi ile inaitambua prosesa hii, safu ilisema, kuanzia toleo fulani la bayosi. Bayosi ni ile programu ndogo iliyokaa kwenye bodi yenyewe, inayoamka kabla ya kila kitu na kuhesabu nani yupo. Ya mtambo huu ilikuwa ya zamani. Ilikuwa imeamka, imekuta mgeni isiyemjua kwa jina, ikakataa kufungua mlango.

Nikamweleza Nanzala.

"Kumbe haikuwa mbovu. Ilikuwa haijatambulishwa."

"Ndivyo. Naweza kuibadilisha hiyo programu. Lakini kuna hatari moja, na mtambo ni wako, kwa hivyo uamue wewe. Ikiwa inajiandika na stima ipotee katikati, bodi haitaamka tena, na prosesa yoyote haitasaidia. Ukitaka, tuache hapa. Nikurudishie ulivyokuja."

"Nilivyokuja sitafaulu Ijumaa."

"Najua."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika nne au tano."

Nje mawingu yalikuwa yameshajaa, maana ilikuwa saa tisa, na nyote mnajua saa tisa ya Kakamega. Radi ilipiga upande wa msitu. Nanzala akageuza uso dirishani.

"Kesho asubuhi," akasema. "Kabla ya mawingu. Fanya."

Jumatano nilienda kwa jirani yangu wa fotokopi kuazima betri yake ya akiba, lile boksi zito linaloushika mtambo stima ikipotea. Langu lilikuwa limezeeka. Lile la kuazima nililijaribu kwanza kwa kuling'oa ukutani likiwa na mtambo mwingine. Likashika dakika nane. Mbingu ilikuwa safi. Nikaweka faili la bayosi kwenye flashi, nikahakikisha mara tatu kwamba namba yake ni ya bodi ile na si ya ndugu yake, nikabonyeza.

Ufito kwenye skrini ukaanza kujaa. Nilikuwa nikimsomea Nanzala asilimia, naye yuko kwenye kile kiti chake. Kumi. Ishirini na tano. Arobaini.

Stima ikapotea.

Hapakuwa na wingu hata moja. Taa ya dari ilizima, feni ya ukutani ikasimama, na lile boksi likaanza kulia pi, pi, pi. Skrini ilibaki imewaka. Nanzala alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Bado inaandika?"

"Inaandika. Hamsini na tano."

"Mlio wa hilo boksi umeongeza kasi."

"Nasikia. Sabini."

"Usiache kunisomea, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama.

Nikasoma. Themanini. Themanini na moja. Themanini na moja. Themanini na moja. Nawaambieni ukweli, nilimwomba Mungu juu ya kompyuta, jambo ambalo mchungaji wangu hajui mpaka leo. Tisini. Mia. Mtambo ukajizima, ukajiwasha, ukalia sauti yake ya kuamka, na sisi wawili tukapiga kelele mpaka mtu wa dukani akaja kuuliza kama tumeumia.

Stima iliporudi niliiweka ile prosesa mpya mara ya pili. Safari hii ilitambuliwa papo hapo. Nanzala akaandika jina lake, na sauti ikakimbia pamoja na vidole vyake, herufi kwa herufi, bila pengo. Akafungua rekodi juu yake. Hakuna pengo. Akaandika, akaandika, uso wake umeinuka. Nami nilisimama pale nikijisifu kimoyomoyo.

Nusu saa baadaye sauti ikaanza kukwamakwama, na feni ikanguruma kama posho mili ya kusagia mahindi.

Nikatazama kipimo cha joto. Kilikuwa kimepanda mno, na prosesa ilikuwa inajipunguzia mwendo ili isiungue. Nikalaumu muuzaji. Nikalaumu pesti. Nilikuwa tayari nimeshika simu kumpigia mtu wa Nairobi nimtukane, Nanzala aliponigusa mkono.

"Mama, ile feni ina miguu mingapi?"

"Minne."

"Jana ulipoirudisha mara ya kwanza nilisikia ta, ta, ta, ta. Leo nimesikia ta mara tatu. Nikadhani labda leo ulibonyeza miwili pamoja."

Nikazima. Nikachukua tochi. Mguu wa nyuma, ule uliojificha karibu na pawasaplai, ulikuwa umekaa juu ya tundu lake bila kuingia. Ukitazama kwa juu ulionekana sawa na wenzake. Feni ilikuwa imeinama upande mmoja kwa unene wa kucha, na unene wa kucha unatosha. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikagua miguu ile kwa macho. Nikaisafisha pesti, nikaweka nyingine, nikabonyeza upya huku yeye akihesabu kwa sauti, na wa nne ulipolia alisema "Sawa" kama mkaguzi. Joto likashuka na kutulia.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi hiyo bila redio kuwaka. Nyinyi pia fanyeni hivyo. Toeni vile vitu vya masikioni. Kisha gusa kila mguu na uutingishe. Usiridhike na kuutazama.

Alirudi Navakholo jioni hiyo, blanketi na vyote. Ijumaa saa nne niliangalia saa, na saa tano nikaiangalia tena. Hakupiga simu. Jumamosi hakupiga. Wiki ikaisha nami nikajizuia kumpigia, kwa sababu mtu aliyeshindwa hapendi kuulizwa na fundi. Wiki ya pili simu ikalia.

"Mama, uko na nafasi uje? Mtambo unaongea vibaya."

Nikatia pesti na bisibisi kwenye mkoba, nikapanda boda, vumbi la murram likanipaka njia nzima. Nilijiambia ni ule mguu. Nikajiambia ni bayosi. Nikapanga jinsi ya kumwambia kwamba sitadai kitu.

Alikuwa ameketi mezani karibu na dirisha. Hata chai sikungoja. Nikaweka kiganja ubavuni mwa kasha: halikuwa na joto. Feni ilikuwa inapumua kwa utulivu.

"Unaongea vibaya vipi?"

"Sikiliza mwenyewe." Akabonyeza.

Kilichotoka kwenye spika hakikuwa maneno. Kilikuwa mtetemo, kama cherehani inayoshona gunia. Kikaisha. Nikawaza kadi ya sauti.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Nanzala. Imeharibika tangu lini?"

Akaanza kucheka. "Haijaharibika. Hiyo ndiyo kasi ninayosomea siku hizi. Kwa prosesa ya zamani mtambo haungeweza kukimbia hivi, ungekufa. Ngoja nikupunguzie."

Akabonyeza kitufe mara kadhaa, akarudia. Cherehani ikawa mlio wa nyuki. Akabonyeza tena. Nyuki wakawa mtu anayenong'ona kwa haraka, na nikaanza kuokota neno moja moja. "Tathmini." Akabonyeza. "Miongoni mwa waombaji." Akabonyeza. "Rekodi ya kwanza utaipokea Jumatatu."

Mkoba ulikuwa bado begani mwangu. Nikauweka chini.

"Irudishe mwanzo," nikamwambia. "Isome polepole, kama inamsomea mtu mzee."

Akairudisha. Tukaisikiliza barua yote ya ile kampuni, kuanzia jina lake mpaka jina la aliyetia sahihi, kisha nikamwomba airudie tena.